Fainali Isiyohesabiwa

Kaka yangu alijifunzia tenisi kwenye yadi ya malori. Tunduma hatuna kiwanja cha tenisi. Tuna yadi, tuna malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na tuna vumbi. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga magari katika yadi moja kando ya barabara kuu: nani aingie, nani arudi nyuma, nani asogee kidogo mwenzake apite. Kazi ikipungua alipiga mpira ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa kontena. Raketi alipewa na dereva mmoja Mkongo ambaye hakuwahi kueleza vizuri alikoipata. Madereva walikaa kwenye ngazi za malori yao wakinywa chai, wakimshangilia bila kujua wanashangilia nini.

"Umuue, mukwai!" walimpigia kelele Wazambia, yaani bwana kwa lugha yao, na kaka akawainulia raketi kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Baadaye akapata wenzake, mwalimu mmoja wa sekondari na fundi matairi, wakachora mistari kwa chokaa na kutundika turubai kwenye kamba likawa wavu. Mama alidhani ni upuuzi utakaopita. Haukupita. Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikamaliza, nikarudi na shahada ya sosholojia kuuza vitenge kwenye duka la mama, na nikamkuta bado anapiga, sasa akiwa na mke na mtoto, na mkono wa kushoto alioufundisha kufanya karibu yote yanayofanywa na wa kulia.

Upande wa Mbozi, nje kidogo ya Ihanda, kuna shamba la kahawa la zamani ambalo lina kiwanja cha tenisi cha majani. Mzungu aliyekuwa nalo alikitengeneza kwa ajili yake na wageni wake, akaondoka, kikaota magugu, kikafufuliwa na kundi la watu wenye nafasi: maofisa, wafanyabiashara, mwenye kituo cha mafuta. Kila mwaka, wakati Waingereza wanacheza yale mashindano yao makubwa ya kwenye majani, kundi hili nalo linafanya ya kwake. Mchezaji mmoja mmoja, wanaume tu. Niliwahi kumuuliza mwenyekiti wa kamati kwa nini wanaume tu, akaniambia wanawake hawajajitokeza. Nikamuuliza walitangaziwa wapi. Akatazama saa yake.

Waliiga kila kitu walichokiona kwenye televisheni. Wachezaji sharti wavae nyeupe, kuanzia kofia hadi soksi, katika nchi ambayo udongo wake ni mwekundu kama matofali na vumbi lake la kiangazi huingia hadi kwenye sahani. Majani sharti yawe ya kijani, kwa hiyo mwezi ambao kila kitu Mbozi kimekauka, mpira wa maji ulikuwa ukimwaga kwenye kiwanja tangu asubuhi. Shangazi yetu, dada yake baba, aliolewa na mkulima wa kahawa pale Ihanda, si mbali na hicho kiwanja. Bomba la mtaa wao lilikuwa halitoi kitu. Alikuwa akipita kando ya uzio na ndoo kichwani na kuyaangalia majani yakinyweshwa.

"Yale majani yana heri," aliniambia siku moja. "Hayana hata ndoo ya kubeba."

Sikuelewa alivyoweza kucheka. Mimi nilitaka kwenda kulifunga lile bomba la uwanjani kwa mikono yangu.

Lakini kaka aliyapenda yale majani. Huo ndio ukweli, na lazima niuseme, vinginevyo hasira yangu haitaeleweka. Kwenye saruji ya yadini mpira ukidunda unapanda mpaka begani. Kwenye majani unateleza, unabaki chini, unakulazimisha upige magoti kama mtu anayeokota sindano. Mwaka wa kwanza aliposhiriki alitolewa mapema, akarudi nyumbani na madoa ya kijani magotini, na akamkataza wifi asiifue ile suruali mpaka mama aione.

Mwaka ninaousimulia, kamati ilitangaza kwamba bingwa atapelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya ukocha. Mafunzo hayo yalikuwa na kikomo cha umri, na kaka alikuwa anakigusa. Mwaka mmoja zaidi na mlango ungefungwa. Hakuwa na ndoto za kucheza na wakubwa, hakuwa mjinga. Alitaka cheti kile ili akafundishe tenisi kwenye shule zile za kulipia zilizoanza kuchipuka Vwawa na Mbeya, aache kuvuta moshi wa dizeli mchana kutwa. Alikuwa amekohoa mwaka mzima. Daktari alimwambia atafute kazi nyingine, kana kwamba kazi nyingine zilikuwa zimepangwa dukani kama sabuni.

Akashinda mechi ya kwanza, akashinda ya pili, na Alhamisi akamtoa mwenye kituo cha mafuta katika nusu fainali. Fainali ilipangwa Jumapili alasiri, dhidi ya mhandisi mmoja wa barabara, bwana mpole mwenye raketi mbili mpya na chupa ya maji iliyoandikwa jina lake.

Halafu ikaja habari kwamba mgeni rasmi ana haraka. Siku hiyohiyo jioni Waingereza nao walikuwa na fainali yao ya wanaume, na mheshimiwa alikuwa amealikwa kwenda kuitazama Mbeya pamoja na wakubwa wenzake. Kwa hiyo fainali yetu ikasogezwa asubuhi, saa tatu. Jumapili, saa tatu, katika wilaya ambayo nusu ya watu wako kanisani saa hiyo! Mzee mmoja wa kanisa alilalamika, akaambiwa ibada ya kwanza ipo. Mungu aliweza kusogezwa. Mheshimiwa hakuweza.

Mimi nilitangulia Ihanda tangu Jumamosi, nikalala kwa shangazi. Kaka alibaki Tunduma kwa sababu Jumamosi ni siku nzito pale yadini, na alipanga kutoka asubuhi na mapema, afike na saa nzima mkononi ya kunyoosha viungo.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Tunduma na mji wa Nakonde wa upande wa Zambia vimegusana kiasi kwamba unaweza kununua nyanya nchi moja na chumvi nchi nyingine bila kubadili bega la kubebea kikapu. Lakini saa zao ziko nyuma ya zetu. Huku ikiwa saa tatu, kwao ni saa mbili. Minara ya simu haijui mpaka. Simu yako ukiiacha ijipangie saa yenyewe, itakufanya Mzambia ukiwa kitandani kwako. Ndiyo maana Tunduma ukimwuliza mtu saa ngapi, naye anakuuliza kwanza: saa ya wapi? Watoto wanajua. Wauza chapati wanajua. Kaka alijua kuliko wote, kwa sababu alipanga malori kwa saa mbili tofauti kila siku.

Ila Ijumaa ilikuwa nusu fainali ya Waingereza. Mtandao wetu ulikuwa unasuasua, picha inaganda mpira ukiwa hewani. Akavuka, akanunua laini ya Zambia, akaiweka kwenye simu kando ya ile yake, akaitazama mechi yote akiwa ameketi juu ya tairi, akisoma jinsi wale vijana wanavyoukata mpira chini ili usipande. Alikuwa anajifunza. Laini akaisahau ndani ya simu.

Jumapili asubuhi nilikuwa uwanjani kabla ya saa tatu. Mahema yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, kile kikubwa chenye kitambaa cha satini kimewekwa katikati kwa ajili ya mgeni rasmi. Mhandisi alikuwa anadundadunda mpira kwenye mstari, mweupe kuanzia juu hadi chini. Upande wa pili wa wavu hapakuwa na mtu.

"Mchezaji kutoka Tunduma anaombwa uwanjani," katibu wa kamati alisema kwenye kipaza sauti.

Nikampigia kaka. Alipokea mara moja, na nyuma yake nikasikia injini ya Noah ya abiria na mtu akibishana kuhusu kuku.

"Umefika wapi?"

"Tulia, mdogo wangu. Ndiyo kwanza tunaipita Mpemba. Kuna lori limelala njiani pale, tumekaa. Lakini nina muda, hata chai nitakunywa."

"Muda upi? Wanakuita kwenye kipaza sauti!"

"Wanajaribu spika hao. Saa mbili ndiyo imegonga sasa hivi."

"Kaka, ni saa tatu."

"Saa mbili. Naiangalia."

"Hebu muulize mtu wa jirani."

Nilimsikia akigeuka. "Samahani mama, ni saa ngapi?"

"Saa ya wapi?" mama yule akauliza.

"Ya kwetu. Ya Bongo."

Sikusikia mama alivyojibu. Nilisikia pumzi ya kaka, kisha neno moja tu, kwa sauti ndogo kabisa: "Laini." Halafu akaanza kumsihi dereva.

Nikaenda kwa katibu. Nilimweleza kwa adabu zote nilizolelewa nazo, nikaanza na shikamoo ingawa hajanizidi umri sana. Nikamwambia mchezaji yuko njiani, simu yake imeshika saa ya Zambia, anaomba asubiriwe kidogo.

Akacheka. Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, sikia hii. Huyu bwana yuko Zambia."

"Yuko barabarani," nikasema. "Simu yake ndiyo iliyokuwa Zambia."

"Ninyi watu wa mpakani mna visa," mwenyekiti akasema. "Binti, kanuni inampa mchezaji dakika kumi na tano. Zikiisha, mwenzake anapewa ushindi wa mezani. Kanuni ni kanuni."

"Mgeni rasmi amefika?"

"Bado. Yuko njiani."

"Kwa hiyo yeye tunamsubiri?"

"Mgeni rasmi haingii kwenye kanuni."

"Imeandikwa wapi?"

Katibu akawatazama waliokuwa karibu, akiomba msaada wa kicheko. "Huyu ndiye yule msomi wa vitenge," akasema, na akaupata msaada wake. Walicheka hadi mwenye spika akacheka bila kujua kisa.

Nilirudi nikasimama kando ya mstari. Refa, mwalimu mmoja mwenye filimbi ya mpira wa miguu, alikuwa anaiangalia saa yake ya mkononi kwa aibu, lakini alikuwa anaiangalia. Dakika zilipoisha akanyoosha mkono upande wa mhandisi. Watu wakapiga makofi. Nakumbuka makofi yale kuliko kitu kingine chochote cha asubuhi ile. Mtu hajagusa mpira, na wanampigia makofi! Mhandisi mwenyewe hakujua afanye nini, akainama kidogo, akaenda kukaa kivulini na kunywa maji.

Kaka alifika muda si mrefu baadaye. Noah alikuwa ameiacha kwenye foleni akapanda bodaboda, na vumbi la njia ya mchepuko lilikuwa limemgeuza rangi. Nyeupe yote imekwenda. Alishuka anakohoa, begi la raketi kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamoo katibu. Nimechelewa, naomba radhi."

"Marahaba, kijana. Pole. Lakini tumeshamaliza."

"Mmemaliza?" Akautazama uwanja, majani ambayo hakuna kiatu kilichoyakanyaga. Akanitazama mimi.

Hakubisha. Nilisubiri abishe, nilikuwa tayari kumsaidia, nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni. Akakaa chini, akatoa kitambaa, akaanza kufuta viatu.

Sasa mgeni rasmi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Kikundi cha ngoma kilicheza, kikapumzika, kikacheza tena. Waliotoka ibada ya kwanza na waliotoka ya pili wote walikuwa wameshafika. Hakuna aliyeangalia saa. Hakuna aliyepuliza filimbi. Katika maisha yangu yote nimewasubiri wageni rasmi: kwenye mahafali, kwenye uzinduzi wa matundu ya vyoo, kwenye sherehe ya shule ya msingi ambapo tulisimama juani mpaka mwenzetu mmoja akazimia, na mwalimu akatuambia tusimtazame, tutazame barabara. Hatujawahi kumpa hata mmoja wao ushindi wa mezani dhidi ya kiti chake.

Alifika karibu na adhuhuri, na msafara wake na vumbi lake. Tukasimama wote. Akakaa kwenye satini, akakunja mguu, akauliza kwa furaha, "Haya, fainali iko wapi?"

Hapakuwa na fainali. Walikuwa wameimaliza bila kuicheza, na sasa mtu ambaye kwa ajili yake waliihamishia asubuhi alikuwa ameketi mbele ya majani matupu. Mwenyekiti alikuja mbio kwa kaka, akachuchumaa kabisa, yeye mtu mzima na suti yake.

"Kijana wangu, tusaidie. Ingieni mcheze na mhandisi, mheshimiwa aone mchezo."

"Mechi ihesabiwe," nikasema.

"Binti, hii ni ya maonyesho tu."

"Wote wawili wapo, refa yupo, uwanja upo. Mnakosa nini cha kuhesabia?"

"Bingwa ameshapatikana, na jina limeshakwenda Dar. Usituharibie shughuli." Akamgeukia kaka, sauti ikalainika. "Wewe mtu muungwana, najua. Usimsikilize dada yako."

Nikamshika kaka mkono. "Usicheze. Waache wakose cha kumwonyesha. Wamwonyeshe majani."

Kaka alikuwa ameshaanza kufunga kamba za viatu. "Nimekuja kucheza," akasema.

"Umekuja kushinda! Umekuja kwa ajili ya Dar!"

"Nimekuja kucheza, mdogo wangu. Shika simu yangu."

Akaingia na nguo zake nyekundu za vumbi, na katibu mwenye kanuni zake za nyeupe hakufungua mdomo.

Sijui kama nimewahi kumwona akicheza vile. Mhandisi alikuwa na mapigo mazuri ya kufundishwa, mapana, yanayopendeza macho, lakini alihitaji mpira umjie kiunoni, na kaka hakumpa mpira hata mmoja wa kiunoni. Aliukata chini. Ulivuka wavu kwa hila, ukagusa majani na kulala. Mhandisi aliinama, akainama tena, na kufikia gemu ya nne alikuwa ameshika mgongo. Watu waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Akina mama waliokuwa wanapita na ndoo wakazitua na kushika uzio. Shangazi alikuwa miongoni mwao, na kila kaka alipopata pointi aliwaambia majirani, "Mtoto wa kaka yangu huyo. Wa kaka yangu kabisa."

Seti ya kwanza ikawa ya kaka. Ya pili akaanza kwa kupoteza kidogo, kifua kikambana, akasimama ameshika magoti na kukohoa, na refa akamwacha apumue. Kisha akarudi. Akalingana naye, akampita, ikabaki gemu moja, na gemu hiyo ilikuwa ya kwake kuanzisha. Mimi niliyemkataza asicheze nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha plastiki napiga kelele. Nilisahau kwamba haihesabiwi. Nadhani wote tulisahau, hata refa, kwa sababu alikuwa anataja pointi kwa sauti ya mtu anayeamini.

Kaka alikuwa ameshika mpira mkononi, tayari kuurusha juu, pale kijana wa itifaki alipoinama kwenye sikio la mgeni rasmi. Mheshimiwa akatazama saa. Akasimama.

"Tusimame wote, mheshimiwa anatuaga," katibu akasema kwenye kipaza sauti.

Na watu wakasimama. Refa akasimama. Mhandisi akashusha raketi. Kaka akabaki pale kwenye mstari na mpira mkononi, hajui aurushe au auweke mfukoni, huku meza ya kombe ikibebwa na watu wawili kuletwa katikati ya majani, juu ya uwanja ambao mechi ilikuwa haijaisha.

Mheshimiwa alisema maneno machache. Alisema michezo ni afya, michezo ni ajira. Alisema anawahi Mbeya kuona fainali ya wenzetu, na watu wakacheka kwa heshima. Akampa mhandisi kombe. Kisha akamvisha kaka medali ya mshindi wa pili, akampigapiga begani, akatazama mkono wake kuona kama umeshika vumbi.

"Nimeambiwa ulichelewa," akamwambia, kwenye kipaza sauti, mbele ya shangazi na ndoo zote. "Siku nyingine uwahi, kijana. Muda ni mali."

"Na wewe mheshimiwa ulifika saa ngapi?"

Ilikuwa sauti yangu. Sikuwa nimepanga. Bado nilikuwa juu ya kiti, kwa hiyo kila mtu aliniona. Pembeni bomba liliendelea kumwaga maji. Nikajiambia, sasa. Sasa atajibu, kwa sababu ni swali rahisi, lina jibu moja, na kila aliyekuwa pale analijua.

Mheshimiwa akacheka. Alicheka vizuri, kwa tumbo, hata akashika kiuno. "Huyu binti tumpe ubunge!" akasema. Mwenyekiti akacheka, kamati ikacheka, mahema yakacheka, na swali langu likafia humo ndani ya kicheko chao. Magari yakawashwa. Mtu nyuma yangu akanivuta kanga, akaniambia kwa upole nishuke, nitaanguka.

Nimelifikiria lile jambo mara nyingi. Angekasirika ningejua nimemgusa. Kwa nini kicheko kinatosha? Kwa nini sisi wote tuliosimama pale, mamia kwa macho yangu, tulikubali kuchekeshwa?

Mhandisi alikuja wakati tunafunga begi. Kombe alikuwa ameliacha kwenye gari. Alimpa kaka mkono, na lazima niseme alionekana kuona aibu ya kweli.

"Kaka, leo ulinizidi. Kila mtu ameona. Mimi hayo mafunzo ya nini? Nina kazi yangu. Nitawaambia wakupeleke wewe."

"Mwenyekiti yule pale," nikasema. "Mwambie sasa hivi, sote tusikie."

"Sasa hivi wana wageni, dada. Kesho nitampigia."

"Asante, mzee," kaka akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana. Mungu akuzidishie."

Jioni ile, kwa shangazi, ile fainali ya Waingereza ilikuwa inaonekana kwenye televisheni ndogo ya sebuleni. Kaka alikaa mbele yake na sahani ya kande, akimweleza shangazi kila pigo. Mimi nilikaa nje nikichambua maharage ambayo hakuna aliyeniagiza kuyachambua.

"Njoo uone," aliniita. "Huyu anaukata kama mimi!"

"Sitaki."

"Mwache," nilimsikia shangazi akisema. "Hasira yake ni kubwa kuliko nyumba, ikiingia humu tutatoka sisi."

Wiki zile zilizofuata kaka alikuwa mtu mwingine. Alimwambia mwenye yadi kwamba ataondoka kwa muda. Alimchukua fundi matairi akamfundisha kupanga malori, jinsi ya kumtambua dereva atakayekuja kusumbua na yule anayebweka tu. Wifi akamnunulia begi la safari. Kila nilipomwambia ampigie mhandisi aulize, alinijibu kwamba mtu mzima hasumbuliwi, ameshaahidi.

"Ameahidi mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Au mimi si mtu?"

Nikaacha kumkumbusha.

Kisha siku moja mchana alikuja dukani, akasimama kati ya vitenge, akanipa simu. Ilikuwa picha. Mhandisi yuko Dar es Salaam, amevaa trakisuti mpya, filimbi shingoni, mkono begani mwa mkufunzi. Ameandika kwamba anamshukuru Mungu kwa kila hatua. Chini yake watu wa kamati wamepanga mstari wa pongezi, na katikati ya pongezi hizo nikaliona jina la kaka yangu. Ameandika: Hongera sana mzee, umependeza.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute kwa nini?"

"Kwa sababu ile ni nafasi yako! Amekudanganya, amekaa juu ya nafasi yako, na wewe unamwambia kapendeza?"

"Kwani hajapendeza?"

"Mimi nitawaambia. Nitaandika hapahapa, kila mtu asome, nitaweka kila kitu."

Akaunyoosha mkono, si kwa hasira, akaifunika simu ndani ya kiganja changu. Alikohoa kwanza, ikabidi nimsubiri.

"Mdogo wangu, nisikilize. Mafunzo yamekwenda. Mwakani umri wangu hauruhusu, hata nishinde mara kumi. Kilichobaki kwangu ni kile kiwanja, wiki moja kwa mwaka. Ukigombana nao hawataniita tena. Nitacheza wapi? Kwenye kontena?"

Mama alikuwa anampimia mteja kitenge, akajifanya hasikii. Nilitaka kumwambia kaka kwamba hivyo ndivyo wanavyotushika, kwamba mtu akishajua unachokipenda ameshakupata. Nilikuwa na sentensi nzima, nzuri, ya chuo kikuu. Nikamtazama usoni, nikamrudishia simu yake.

Pongezi ile haikufutwa. Ipo mpaka leo, na mhandisi ameiwekea dole gumba.